Nani Alilipia Bure Yetu?

Kila ifikapo tarehe 23 Septemba, Zanzibar huadhimisha elimu bila malipo. Wanafunzi hupita kwa magwaride, viongozi huhutubia, na tamko la Mzee Abeid Amani Karume la mwaka 1964 hukumbushwa upya: mtoto wa mkulima na wa mchukuzi aingie skuli bila ya kutoa senti. Matibabu ya bure yakafuata mwaka 1965. Hotuba za siku hiyo hueleza nani alipewa. Nani alitoa, na kama aliwahi kuulizwa, hilo husahauliwa.

Sehemu ya jibu kila Mzanzibari anaijua, nayo ni karafuu. Lakini karafuu haijilipi yenyewe. Kuna aliyepanda, aliyechuma, aliyeanika, aliyenunua na aliyesafirisha, na katikati yao kuna aliyekata fungu lake akalipeleka kwa mwalimu na daktari. Namna fungu hilo lilivyokatwa ndiyo inayoeleza kwa nini bure yetu ilitetereka miaka ya 1980, na kwa nini leo tunababaika tukimuuliza mwenye hoteli anachangia nini.

Dola ya ustawi, yaani ile inayobeba dhamana ya elimu, afya, makaazi na uzee wa raia wake, haikujengwa popote na serikali peke yake. Kila ilikodumu palikuwa na mapatano ya watu watatu: dola, mwenye mtaji na mwenye nguvu kazi. Hoja yangu ni kwamba Zanzibar ilijenga ustawi bila ya mapatano hayo. Serikali ilimwondoa mfanyabiashara, ikakaa yenyewe kwenye kiti chake, na ikawasomesha watoto kwa faida ya duka. Faida ilipokauka hapakuwa na wa kudaiwa. Kisha mfanyabiashara akarudishwa, na hadi leo hajaambiwa waziwazi deni lake ni lipi.

Tutazame kwanza kwa wenzetu, maana huwa tunawataja kwa makosa. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883 na ya pensheni mwaka 1889. Aliyezisimamia, Kansela Bismarck, hakuwa rafiki wa wafanyakazi. Aliogopa wasoshalisti, akaona bora mfanyakazi aitegemee dola kuliko chama. Lakini angalia pensheni ile ilivyopangwa: mwajiri alitoa, mfanyakazi alitoa, na serikali iliongezea, ili mtu alipwe akifika miaka 70. Tajiri wa kiwanda aliingizwa kwenye hesabu tangu siku ya kwanza, apende asipende.

Sweden ndiyo hasa isiyoeleweka kwetu. Mabarazani husemwa kuwa ni nchi ya ujamaa, kama kwamba serikali ndiyo iliyomiliki viwanda. Sivyo. Baada ya miaka mingi ya migomo, shirikisho la waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walikaa Saltsjöbaden, karibu na Stockholm, wakatia saini mapatano mwaka 1938. Waajiri wakabaki na viwanda vyao na haki ya kuviendesha. Vyama vikapata heshima ya kujadiliana mishahara. Kodi kubwa na huduma nyingi zilizokuja baadaye zilisimama juu ya maelewano hayo. Kampuni za Sweden zilibaki mikononi mwa watu binafsi, tena baadhi mikononi mwa familia chache mno. Walichokigawa ni mapato ya kazi, duka wakamwachia mwenyewe.

Sisi tulianzia pengine kabisa. Enzi za Seyyid Said, ukusanyaji wa ushuru wa forodha ulikodishwa kwa mfanyabiashara. Tangu miaka ya 1830 nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoushika kwa miongo kadhaa: ilimlipa Sultani kiasi maalumu kwa mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Nyumba hiyo hiyo ilimkopesha Sultani. Seyyid Barghash alipokalia kiti mwaka 1870 alikuta deni na kesi juu yake. Katika zama hizo haikuwa rahisi kujua nani alikuwa mkononi mwa nani, ila mwenye daftari ndiye aliyelala usingizi mzuri.

Ustawi wakati huo ulikuwa hisani. Barghash aliingiza maji ya bomba mjini, na watu wakamwombea dua. Taria Topan, naye tajiri aliyewahi kushika forodha, aliweka jiwe la msingi la hospitali mwaka 1887, mwaka wa jubilei ya Malkia Victoria. Jengo likamalizika mwaka 1894, yeye akiwa ameshafariki. Halikuja kuwa hospitali aliyoikusudia. Liliuzwa, na zahanati ikawekwa chini. Ndilo lile la baraza za mbao zilizochongwa pale Mizingani, Zahanati ya Kale, ambalo watalii hulipiga picha. Mimi hulitazama kama waraka wa fedha: tajiri hutoa anapotaka, kwa kiasi anachotaka, na akifa hesabu inafungwa.

Waingereza waliuona mvutano wa mfanyabiashara na mkulima, wakautatua nusu. Wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni ya wakopeshaji na wanunuzi, na serikali ya kikoloni ilikuwa ikiishi kwa ushuru wa karafuu. Chama cha Wakulima wa Karafuu, CGA, kilichoanza mwaka 1927, kikapewa meno kwa sheria za miaka ya 1930, hadi mwaka 1937 kikakabidhiwa biashara ya kusafirisha. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na chama cha Congress cha India kikawaunga mkono kwa kususia karafuu ya Zanzibar. Mwaka 1938 pakapatikana maridhiano: wasafirishaji waendelee na kazi yao, ila sehemu ya mzigo wainunue kutoka CGA.

Mwaka 1938! Mwaka ule ule wa Saltsjöbaden. Wasweden waliwakutanisha mwajiri na mwajiriwa. Zanzibar walikutanishwa serikali na msafirishaji, na mchumaji aliyepanda mkarafuu na pakacha lake hakuwa na kiti. Miaka kumi baadaye, tarehe 5 Julai 1948, Uingereza ilizindua huduma ya afya ya taifa isiyomdai mgonjwa mlangoni. Mwezi uliofuata, katika himaya ya Uingereza hiyo hiyo, makuli wa bandari ya Unguja waligoma kwa sababu mshahara haukutosha chakula, na mgomo ukaenea mjini. Mtu wa tatu alikuwa amejitokeza. Historia ingeweza kushika njia nyengine hapo.

Haikushika. Na hapa lazima niwe mwadilifu kwa waliofanya Mapinduzi ya Januari 1964. Kuwalaumu kwa kutokaa meza moja na matajiri ni kusahau Zanzibar ilivyokuwa. Biashara, ardhi na kabila vilikuwa vimefungamana. Duka la jumla lilikuwa la Mhindi, shamba kubwa la Mwarabu, gunia lilibebwa na Mswahili na Mbara. Wapo masikini wengi waliovuka mstari huo, Waarabu wa Kimanga wenye vibanda na Wahindi makarani, lakini siasa za miaka ya 1957 hadi 1963 zilikuwa zimeshaugeuza kuwa ukuta. Baada ya umwagaji damu wa Januari na watu wengi kuikimbia nchi, mapatano na nani?

Basi serikali ikachukua vyote. Machi 1964 ardhi yote ikatangazwa mali ya serikali, na miaka iliyofuata ikagawiwa eka tatu tatu. Vyama huru vya wafanyakazi vikavunjwa na shughuli zao zikawekwa chini ya ASP, chama tawala cha Afro-Shirazi. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likaundwa mwaka 1968 likawa mnunuzi pekee wa karafuu, na uagizaji wa bidhaa kutoka nje ukawa wa mashirika ya umma. Kwa maneno ya sokoni, serikali ikawa mnunuzi, muuzaji, mwajiri, mwenye nyumba na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, yote kwa pamoja.

Matunda yalionekana, na asiyeyakubali ana chuki. Skuli zilijaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu. Majumba ya Michenzani yalinyanyuka kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na mengine yakajengwa Chake, Wete na Mkoani. Televisheni ya rangi iliwaka Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 kuwa na televisheni yoyote. Indonesia ilikuwa ikinunua karafuu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kreteki, zinazotiwa karafuu, na bei ya dunia ilikuwa ikipanda.

Lakini mkulima hakuuza kwa bei ya dunia. Aliuza kituoni kwa bei iliyopangwa na shirika, ambayo katika miaka ya neema ilikuwa sehemu ndogo tu ya kile shirika lilichopata nje. Tofauti ile ndiyo iliyolipia ustawi. Ilikuwa kodi, tena kubwa kuliko anayokatwa Msweden wa kawaida, ila haikuandikwa kodi popote. Haikupigiwa kura wala kutolewa risiti. Na kwa kuwa karafuu nyingi hutoka Pemba tangu kimbunga cha mwaka 1872 kiliposomba mikarafuu ya Unguja, mlipaji mkubwa wa kodi hiyo alikuwa Mpemba, wa Konde, wa Mtambile, wa Kengeja. Ukimsikia mzee wa Pemba anazungumzia miaka ile kwa uchungu, usidhani anapinga skuli ya bure. Anajua aliyeilipia.

Kodi isiyokubaliwa hulindwa kwa bunduki. Karafuu ikawa inavushwa usiku kwa mashua kuelekea Shimoni, Vanga na Mombasa, upande wa Kenya. Adhabu ya magendo ilifikishwa hadi kifo, na KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, kikapewa kazi ya kulinda bahari. Niambie ni wapi duniani dola ya ustawi ilihitaji mashua za doria ili kukusanya mchango wa raia wake. Hapo ndipo ulipo upungufu wa mpango mzima: mkulima hakuwa na njia ya kusema bei haitoshi isipokuwa kupakia gunia majini. Chama hakuna, mnunuzi wa pili hakuna, na gazeti la kumsemea hakuna.

Na upande wa pili wa duka mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilikuwa na akiba nzuri ya fedha za kigeni London, huku wananchi wakipanga foleni ya mchele na sukari kwa mgao. Pemba walionja njaa. Mfanyabiashara binafsi angeleta mchele kwa sababu ana tamaa ya faida. Serikali haikuwa na tamaa hiyo, wala haikuwa na mshindani wa kuiaibisha. Tamaa ya mfanyabiashara ni jambo la kudhibiti, sikatai. Lakini ukiing'oa kabisa, foleni ndiyo huota pale pale.

Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake ikatosheka. Bei ilikuwa juu sana mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufika katikati ya muongo ilikuwa imeporomoka. Ustawi uliokuwa na mguu mmoja ukachechemea. Ali Hassan Mwinyi, akiwa Rais wa Zanzibar kuanzia mwaka 1984, alifungua biashara kabla ya Bara: mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa. Soko la Darajani mjini Unguja likafufuka, na watu wa Dar es Salaam wakawa wanavuka kuja kununua redio na vitambaa. Sheria ya kulinda uwekezaji ikaja mwaka 1986. Miaka ya 1990 wazazi wakaanza kuombwa kuchangia skuli na hospitali.

Hapa ndipo tulipoikosa nafasi. Serikali iliyokuwa imefilisika ilimwita mfanyabiashara kwa haraka, kama mgonjwa anavyoita tabibu usiku bila ya kuuliza ada. Masharti yaliyoandikwa yalikuwa ya upande mmoja: misamaha ya kodi, ardhi ya kukodi, ulinzi wa mtaji. Upande wa pili ukaachwa wazi. Hakuna aliyemwambia: wewe utafanya biashara, na kwa kufanya hivyo skuli ya Makunduchi na kituo cha afya cha Micheweni ni sehemu ya gharama zako, kama dizeli na mishahara ilivyo.

Leo utalii unabeba zaidi ya robo ya pato la Zanzibar. Mwaka 2024 waliingia wageni zaidi ya 700,000, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Umekuwa karafuu mpya, na serikali inauendea kwa tabia ya zamani. Kwa kuwa ardhi yote ni yake tangu 1964, imekuwa mwenye nyumba: inakodisha fukwe, inakodisha visiwa vidogo. Na pale inapotaka fedha za haraka hufungua duka lake yenyewe. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni mtu mzima kutoka nje hutakiwa kukata bima ya dola 44 kutoka Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana bima yake kutoka kwao. Fedha zinaingia, sipingi. Lakini ni ZSTC ile ile kwa sura nyengine: muuzaji mmoja, bei moja, mnunuzi hana pa kwenda. Mwenye hoteli yenyewe, anayevuna kila siku, bado hajaulizwa.

Tazama namna tunavyohangaika na wafanyabiashara wa chakula. Kila Ramadhani inapokaribia, waagizaji wakubwa huitwa kikaoni. Serikali hupunguza kodi ya mchele, sukari na unga wa ngano, waagizaji huahidi, bei elekezi hutangazwa. Wiki ya pili ya mfungo, wakaguzi wanamkamata muuzaji wa rejareja wa mtaani aliyezidisha mia mbili kwenye kilo ya mchele wa mapembe, na mwenye ghala hakaguliwi. Hiyo ni dola ya ustawi ya mwezi mmoja, inayosimama juu ya hisani ya watu wachache. Tumerudi kwa Taria Topan.

Yapo mazuri na nitayataja. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, wa mwaka 1998, ulirudisha kanuni ya mwajiri na mwajiriwa kutoa kwa pamoja. Mgao wa karafuu nao ulisahihishwa: mwaka 2011, wakati wa Dk. Ali Mohamed Shein, bei ya kilo ilifikia shilingi 15,000, na ikawa sera kwamba mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua sana, kwa hesabu tu, bila ya kumtishia mtu kifo. Mwaka 2016 ikaanza pensheni jamii kwa kila mzee aliyefika miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 50,000. Mzee wa Kojani aliyechuma karafuu maisha yake yote bila ya kuajiriwa na mtu analipwa sawa na yeyote. Huo ni uungwana, na kwangu mimi ni tendo kubwa zaidi la ustawi tangu 1964.

Umri wa miaka 70 ndio ule ule wa Bismarck, lakini mpango ni mwengine: kwetu hulipwa moja kwa moja kutoka bajeti. Uingereza nayo ilianza hivyo mwaka 1909, ikawa inatoa shilingi tano kwa wiki kutoka hazina. Ila Waingereza walilazimika kwenda kuzitafuta fedha kwa matajiri, na bajeti yao ya 1909 ilizua ugomvi wa kikatiba na mabwana wenye ardhi. Kwetu hakuna aliyegombana na mtu. Ukimya huo hunitia wasiwasi kuliko kunifurahisha. Maana yake ni kuwa bado hakuna aliyeguswa.

Najua jibu la wafanyabiashara, na lina uzito. Watasema wanalipa vya kutosha: mamlaka ya kodi ya Muungano, TRA, kwa upande mmoja, na ya Zanzibar, ZRA, kwa upande mwengine, leseni, manispaa, bandari. Mwenye duka la vipuri Mlandege hulipa zaidi kwa kila shilingi anayoingiza kuliko hoteli iliyo ndani ya miaka ya msamaha. Ni kweli, na ndiyo maana mapatano ni kwa faida yake pia. Asiye na mtetezi hubebeshwa mzigo wa aliyesamehewa. Baraza la Biashara lipo, jumuiya ya wafanyabiashara ipo, shirikisho la vyama vya wafanyakazi ZATUC lipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Viti vitatu vipo. Kilichokosekana ni jambo la kuzungumza lenye tarakimu.

Tarakimu hizo zinaweza kuanza kwa kitu kidogo. Bajeti husomwa Baraza la Wawakilishi, Chukwani, kila mwaka. Iambatanishwe jaduweli moja tu: kila mradi wa hoteli wenye msamaha, umesamehewa kiasi gani mwaka huo, una wafanyakazi wangapi, umewachangia kiasi gani ZSSF, na umenunua samaki, mboga na nazi za shilingi ngapi kutoka kwa wakaazi wa visiwani. Bila ya jaduweli hiyo waziri hajui anachokisamehe, mwakilishi hajui cha kuuliza, na chama cha wafanyakazi kinakwenda kikaoni mikono mitupu. Tuanzie Nungwi na Kendwa, ambako hoteli zina umri wa kutosha kuwa na hesabu za miaka mingi.